Nibebe Bunduki Ipi Kwenye Bonde la Dubu?

Shangazi Agrafena,

Sauti yako naisikia redioni kila wiki nikiwa nakata vitunguu, na siku zote nimekuwa nikijisemea kwamba mimi sitakuandikia kamwe, ya nyumbani kwangu yabaki nyumbani kwangu, lakini leo nimeshika kalamu kwa sababu kila niliyemuuliza swali langu amenijibu kwa sauti kubwa na hakuna hata mmoja aliyejibu nilichouliza, basi nisikilize wewe, na kama ni kunigombeza, nigombeze.

Naitwa Oleanna, wa upande wa kusini wa kisiwa. Kijiji sikitaji, maana ukikitaja umeshataja nyumba. Mume wangu ni Zahar. Tangu tuoane, kila vuli ikifika tunachukua mashua tunakwenda kuwinda kulungu kwenye bonde moja juu ya ghuba, mahali babu yake alipokuwa na kibanda cha kukaushia samaki, sisi wawili tu, na watoto walipokuwa wadogo tuliwaacha kwa mama yake. Yeye anatangulia na bunduki yake kubwa, kaliba mia tatu sabini na tano, yaani yenye mtutu mpana, mimi nafuata na yangu ndogo ya kaliba thelathini-sifuri-sita ambayo marehemu baba alinipa nikiwa msichana. Kazi tuligawana tangu safari ya kwanza kabisa. Aliniambia, "Wewe mtazame kulungu, Oleanna. Vichaka niachie mimi."

Na nikamwachia kweli. Miaka yote hiyo sijawahi kugeuza shingo kutazama kichaka. Dubu tumekutana nao, nani asiyekutana nao huku kwetu, dubu wa kisiwa hiki akisikia mlio wa bunduki ni kama amegongewa kengele ya chakula, anakuja kudai fungu lake. Siku moja dubu jike mwenye watoto alisimama kwa miguu miwili mbele yetu karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na Zahar akaanza kuzungumza naye kwa lugha ya wazee, polepole, kama mtu anayemtuliza mkwe aliyefika saa mbaya: "Tunaondoka, mama, tunaondoka, usijisumbue." Tukarudi kinyumenyume mpaka mtoni. Bunduki yake kubwa alikuwa ameishika tayari, lakini sijawahi kumwona akimpiga nayo dubu. Aliibeba tu, na mimi nikawa salama.

Majira ya kuchipua mwaka huu, akiwa mezani anashona wavu, kiharusi kikampata. Upande wa kulia umelala wote. Maneno anayo, ila yametawanyika, anataka chumvi anasema mashua, anataka mashua anasema Jumapili. Namweka kwenye kiti karibu na dirisha linalotazama maji. Vuli ilipoingia na theluji ya kwanza ikakaa kwenye vilele, alianza kuinua mkono wa kushoto kuelekea ukuta zinapotundikwa bunduki, halafu anaelekeza ghuba, halafu ananitazama mimi, na macho yake yanasema kila kitu kwa mpangilio wake.

Shangazi, nina mume ninayemlisha kwa kijiko kila asubuhi, na papo hapo namtamani kama mtu aliyesafiri. Nimemshika mkono na huku namkumbuka. Natamani mgongo wake. Mgongo ule, na koti lake la sufi linalonuka mvua na mafuta ya bunduki, naujua kuliko ninavyoujua uso wangu, kwa sababu nimeufuata nusu ya maisha yangu. Natamani alivyokuwa akisimama ghafla na kuinua vidole viwili bila kugeuka, nami nikasimama, na bonde lote likanyamaza.

Basi nikaamua kwenda. Na hapo kaliba ikageuka vita nyumbani.

Shemeji yangu Matfay, mdogo wake Zahar, alikubali kunisindikiza. Alipoona nimeishusha bunduki yangu akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Shemeji, na kijiti hicho cha kuchokolea meno? Dubu akija utamkuna mgongo?"

"Kijiti hiki kimelisha nyumba hii kabla wewe hujaota ndevu."

"Kulungu, ndiyo. Sikatai. Lakini dubu hafi kwa risasi za kulungu. Anazihesabu tu, halafu anauliza ni nani aliyezituma."

Nilipompeleka Zahar mjini kwa daktari nikapita duka la bunduki, na muuzaji, bwana mmoja anaitwa Walt, akaniwekea mezani bunduki mpya, kaliba mia tatu thelathini na nane, na akaipapasa kama paka. "Hii, mama, inamlaza dubu palepale."

"Na mimi itanilaza wapi?"

"Bega huzoea, mama. Bega huzoea kila kitu."

Binti yangu Larissa, yuko mjini Anchorage, bara, naye akanipigia simu usiku huohuo, Matfay ana mdomo. "Mama, sikiliza. Nyama zimejaa madukani. Nitakutumia kwa ndege."

"Nyama ya kulungu?"

"Ya ng'ombe, mama. Nyama ni nyama."

Nikakata simu. Shangazi, wewe unajua Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, ile ya Januari, ilivyo, wabeba nyota wanapoingia nyumba kwa nyumba wakiimba, na nyumba ya Zahar haijawahi kuwapokea bila sufuria ya kulungu. Niwape wazee wa kanisa nyama iliyopanda ndege?

Nikabeba bunduki ya Zahar. Wewe nakwambia ukweli, haikuwa kwa sababu ya maneno ya Matfay. Pale kwenye kitako chake pana sehemu ambapo shavu la Zahar limeifuta rangi yote mpaka mbao imebaki laini kama sabuni, na mimi nilifikiri nikiweka shavu langu pale sitakuwa peke yangu. Nilikwenda ufukoni kujizoeza. Risasi ya kwanza ilinirusha nyuma. Ya pili bega likaanza kugeuka rangi ya kome. Ya tatu nikajikuta nafumba macho kabla sijavuta. Sikumwambia mtu.

Tulikwenda. Dume zuri la kulungu lilitoka ng'ambo ya kijito, limesimama ubavu, hata mtoto angelipata. Nikaweka shavu pale kwenye ulaini, nikamnusa mume wangu, nikafumba macho, nikavuta. Likapigwa paja. Likaingia vichakani kwa miguu mitatu.

Tulifuata damu. Matfay mbele, mimi nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikatazama vichaka, na kila kichaka kilikuwa dubu. Nilisikia kabla sijaona, mifupa ikivunjwa bila haraka, na pumzi nzito. Dubu alikuwa ameshafika. Amelilalia dume letu kama mtu aliyelala juu ya mzigo wake bandarini, na alipoinua kichwa hakunguruma hata, alitutazama tu. Matfay akainua bunduki. Nikamvuta koti.

"Mwache. Ni wake sasa."

"Shemeji, ni nyama ya kaka yangu."

"Ni wake. Twende."

Kwenye mashua Matfay alinipa mgongo njia nzima, na kwangu hilo lilikuwa baya kuliko kejeli zake zote. Nyumbani Zahar alikuwa dirishani, ameiona mashua tangu inaingia. Alinitazama mikono. Akatazama mgongoni kama nimebeba kitu. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto akauweka begani kwangu, palepale penye maumivu, sijui alijuaje maana nilikuwa nimevaa koti, na mimi nikapiga magoti nikalia kwenye mapaja yake kama mtoto aliyevunja chungu.

Msimu unafungwa mwisho wa mwaka. Matfay anasema twende tena na bunduki ileile, bega litazoea. Walt amenipigia simu kusema ile mpya amenihifadhia. Larissa anasema niuze zote. Nami usiku nalala nikihesabu kaliba kama watu wanavyohesabu rozari. Nibebe ipi, Shangazi? Na kama una ujasiri nijibu na hili pia: kwa nini nikiulizwa tu habari ya bunduki machozi yananitoka? Naona kama siku nitakayoingia bonde lile na bunduki yangu ndogo, nitakuwa nimekubali kwamba yeye hatakuwa mbele yangu tena.

Ni mimi,
Oleanna wa kusini

*

Oleanna,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nivue miwani niifute. Sasa nimeivaa. Kaa chini nikwambie.

Nianze na bunduki, maana ndiyo uliyouliza na hujajibiwa. Beba yako. Thelathini-sifuri-sita si kijiti cha meno, na anayekwambia hivyo anapenda mzaha kuliko hesabu. Ila badilisha risasi. Nunua zile zenye kichwa kizito kuliko zote zinazotengenezwa kwa kaliba hiyo, ngumu, zisizopasuka zikigusa mfupa. Kisha nenda ufukoni upige mpaka ujue zinaangukia wapi, maana risasi nzito hushuka mapema kuliko ulizozoea. Dubu hasimamishwi na ukubwa wa tundu la mtutu. Husimamishwa na risasi iliyofika mahali pake, na risasi iliyopigwa macho yamefumbwa haifiki popote, hata itoke kwenye mzinga.

Na hapa nakugombeza kama ulivyoomba. Ulijua. Tangu risasi ya tatu pale ufukoni ulijua kwamba unafumba macho, ukanyamaza, ukaenda kumpiga mnyama. Kulungu hajui habari za huzuni yako, mama. Yeye alihisi paja tu. Usirudie.

Matfay naye. Nilikuwa muuguzi kisiwani hapa miaka mingi kabla hawajanipa kipaza sauti, na wengi niliowashona baada ya dubu walikuwa na bunduki kubwa sana. Zilikuwa mgongoni mwao, au zimeegemezwa kwenye jiwe, huku mtu na mwenzake wameinama juu ya kulungu mmoja wakibishana nani ashike mguu. Mwambie shemeji yako hivi: yeye ana mabega, basi bunduki ya kaka yake aibebe yeye, atangulie, na asipige kulungu hata mmoja. Mmoja anapiga na kupasua, mwingine amesimama amempa mgongo anatazama vichaka. Akisema kazi hiyo haina utamu, mwambie kaka yake aliifanya maisha yake yote na hakulalamika. Kila mmoja awe na mkebe wa pilipili ya kumpulizia dubu kifuani, si ndani ya begi. Kulungu akianguka karibu na vichaka, mburuteni hadi mahali peupe kwanza. Chukueni nyama, acheni matumbo, ondokeni. Msirudi kesho yake kufuata kipande kilichobaki, maana kesho kina mwenyewe. Na dubu akiwahi, fanyeni kama ulivyofanya ulipomvuta mtu koti. Kwa hilo nakusifu, na Matfay akitulia atakusifu pia.

Huyo Walt simjui, lakini muuza viatu hajawahi kumwambia mtu kwamba vyake vya zamani vinatosha.

Larissa usimkatie simu tena. Unadhani anazungumzia nyama? Msichana anaogopa kuzika mama katika mwaka uleule alipompoteza baba yake nusu. Mpe kazi. Mwambie mnakwenda ghuba ipi na mtarudi saa ngapi, na kwamba msipopiga simu yeye ndiye atakayewaita waokoaji. Mtu mwenye kazi huogopa kwa adabu.

Sasa Zahar. Umeniandikia kurasa na kurasa juu yake, na hakuna mahali hata pamoja uliposema umemuuliza. Ulimtungulia bunduki yake mbele ya macho yake, ukatoka nayo, na hukumuuliza. Kiharusi kimemchukua maneno, akili hakikuichukua, na wewe mwenyewe umeandika kwamba macho yake yana mpangilio. Ziweke bunduki zote mbili mezani, mbele yake, umwache achague. Ana mkono mmoja mzima, unatosha kuelekeza.

Ukishamaliza hilo, muulize kama anataka kwenda.

Usiruke. Sijasema mpandishe mlimani. Ngoja Desemba. Theluji ikikaza huko juu, kulungu hushuka ufukoni kula mwani, na dubu walio wengi watakuwa wamelala mapangoni. Walio wengi, nimesema, si wote. Mtawinda kwenye changarawe, mashua mnaiona. Mtu anayeweza kukaa kwenye kiti dirishani anaweza kukaa ndani ya mashua, akivishwa vizuri, akifungwa jaketi la kuelea, na ndugu yake akimbeba. Mpeleke kwanza kwa mhudumu wa afya wa kijiji, na akikataa, mmekatazwa. Upepo ukiinuka msitoke. Na kama siku tulivu haikuja mwaka huu, basi haikuja. Pikeni samaki. Nyota ya Krismasi haijawahi kupita mlango wa mtu kwa sababu ya sufuria.

La mwisho uliuliza kama nina ujasiri. Ninao, kwa sababu siketi jikoni kwako. Unaogopa kukubali kwamba hatatembea mbele yako tena. Oleanna, hatatembea. Hao walio karibu nawe wote wanalijua na wanakupenda mno hata hawawezi kulisema, ndiyo maana wanapiga kelele za kaliba. Lia, na usilie chooni, lia mbele yake, yeye naye analo la kulilia. Ukimaliza, ishushe bunduki yako uisafishe. Imetundikwa tangu mwaka jana na hewa ya bahari haimsubiri mtu.

Agrafena

*

Baada ya Krismasi ya kalenda ya zamani, Oleanna alituandikia tena. Ameturuhusu tuisome.

Shangazi, niliziweka mezani kama ulivyosema. Aliipapasa yake muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ule ulaini wa mbao, kisha akaisukuma upande alipokaa Matfay. Yangu akaivuta kwake, akaifungua kwa mkono mmoja, akachungulia ndani, akainusa, akanikunjia uso. Ilikuwa chafu. Matfay alicheka, na mimi nikacheka, na yeye mdomo ukapinda upande mmoja, ndicho kicheko chake siku hizi. Halafu nikamuuliza lile la pili. Alianza kutafuta koti lake palepale.

Mhudumu wa afya alimpima, akatupa masharti, akatuombea. Siku tulivu ilikawia mpaka nikakata tamaa, ikaja mwaka ukiwa ukingoni. Larissa aliambiwa kila kitu, alilia kidogo, akaandika saa. Matfay alimbeba kaka yake mgongoni hadi majini akilalamika njia nzima, "Shemeji huyu anakulisha nini, mawe?"

Kulungu walikuwa kwenye mwani kama ulivyosema. Nilipiga mmoja, dume dogo, risasi moja, macho wazi. Nilimpasua pale peupe, na Matfay amesimama amenipa mgongo na bunduki ya kaka yake mikononi, hakugeuka hata mara moja. Nyayo za dubu zilikuwepo, za zamani, zimejaa theluji. Mwenyewe hakuja.

Tulipopakia nyama nikanawa kwa maji ya bahari, nikakaa karibu na Zahar. Hakumtazama kulungu. Alikuwa anatazama juu, kule bonde linapojikunja, mahali tulipokuwa tukipiga hema, na theluji ilikuwa imelifunika lote. Sitakudanganya kwamba hamu ilikwisha. Nilimtamani pale, bega kwa bega, kuliko ninavyomtamani jikoni. Lakini nilijua na yeye anamtamani mtu yuleyule, tukawa wawili.

Jua likaanza kuondoka. Matfay akawasha injini, akasema, "Kaka, twende nyumbani, maji yanakupwa."

Tangu siku ile ya kiharusi, Zahar alikuwa hajawahi kuniambia neno likiwa mahali pake. Aliinua mkono wa kushoto, hakugeuka, akasema, "Bado."

Matfay akazima injini.